Mjadala: Je, ni sawa wanajeshi kutolewa kambini kutuliza raia?

Ghasia zikilipuka popote, maduka yakaporwa na magari yakachomwa, haipiti muda utasikia: leteni jeshi. Nawaelewa wanaosema hivyo. Aliyeshuhudia duka lake likikombwa huku polisi wamesimama ng'ambo ya barabara hana subira ya kusomewa katiba. Hata hivyo mimi napinga, na naomba tujadiliane kwa hoja.

Sisemi kwamba wanajeshi ni watu wabaya. Wamefunzwa kazi nyingine, basi. Polisi anatakiwa amkamate mtu akiwa hai, amfikishe mahakamani, kisha asimame atoe ushahidi. Mwanajeshi ameandaliwa kumshinda adui.

Tazameni yaliyotokea Compton mwaka 1992, wakati wa ghasia za Los Angeles zilizozuka baada ya mahakama kutowatia hatiani polisi walionaswa kwenye video wakimpiga Rodney King, dereva mweusi. Wanajeshi wa Marine waliletwa kusaidia. Polisi wakaitwa kwenye ugomvi wa nyumbani, wakaenda na hao Marine. Walipofika mlangoni, mtu aliyekuwa ndani akafyatua bunduki ya marisau. Polisi mmoja akapaza sauti akiwaomba wanajeshi wamkinge. Kwa polisi, hapo unaelekeza silaha na kukaa tayari, hufyatui mpaka pawe na haja. Kwa Marine, kumkinga mwenzako ni kumimina risasi ili apate nafasi ya kusogea. Wakamimina risasi zaidi ya 200 kwenye nyumba yenye watoto ndani. Hakuna aliyepigwa, Mungu tu. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba hakuna mwanajeshi aliyekaidi amri pale. Kila mmoja alifanya vile vile alivyofunzwa.

Watoto wa Compton walipona. Derry, Ireland ya Kaskazini, watu hawakupona. Tarehe 30 Januari 1972 askari wa miavuli wa Uingereza waliwafyatulia risasi raia kwenye maandamano. 13 walikufa siku hiyo, na mmoja zaidi akafa baadaye kwa majeraha. Uchunguzi wa kwanza uliwakingia kifua askari. Familia zilisubiri mpaka Juni 2010, ripoti ya uchunguzi wa pili, wa Jaji Saville, ilipotoka na Waziri Mkuu David Cameron akaomba radhi bungeni. Wazazi wangapi walikuwa wameshazikwa kufikia hapo?

Kisha kuna suala la kuondoka, ambalo watetezi wa jeshi huliruka. Wanajeshi hao wa Uingereza waliingia mitaani Agosti 1969 kama hatua ya muda, na baadhi ya Wakatoliki, waliokuwa wakishambuliwa, waliwapokea kwa chai. Operesheni ile ilifungwa rasmi 2007. Mexico nako Rais Felipe Calderón alipeleka wanajeshi Michoacán Desemba 2006 kupambana na magenge ya dawa za kulevya, na mpaka leo wanajeshi wamo kwenye kazi za usalama wa ndani. Jeshi likishaziba pengo, nani tena atahangaika kuwarekebisha polisi?

Najua mtaniletea Little Rock, Marekani, 1957. Gavana wa jimbo la Arkansas aliwatumia Walinzi wa Taifa, yaani askari wa akiba wa jimbo, kuwazuia wanafunzi 9 weusi wasiingie shule iliyokuwa ya wazungu pekee, Rais Eisenhower akapeleka Kikosi cha 101 cha miavuli kuwasindikiza. Nakubali kabisa, pale jeshi lilisimama upande wa haki. Lakini angalieni kazi yenyewe: kuwalinda wanafunzi wanaojulikana, kwa kutekeleza uamuzi wa mahakama, na kabla ya mwaka kwisha kikosi hicho kilikuwa kimeondoka. Hayo hayafanani na kutuma vifaru dhidi ya waandamanaji kwa sababu serikali imekasirika.

Afrika Kusini, Julai 2021, ni mfano mgumu zaidi kwangu. Zaidi ya watu 300 walikufa kwenye ghasia na uporaji, polisi wakazidiwa, na Rais Ramaphosa akaidhinisha mpaka wanajeshi 25,000. Kulinda barabara kuu na maghala ya chakula, sawa, siwezi kupinga. Kuwakamata watu, kuwahoji na kupekua nyumba zao, hapana.

Sheria husaidia, ila zisomwe mpaka mwisho. Marekani ina katazo la 1878 la kutumia jeshi kama polisi, lakini Sheria ya Uasi ya 1807 inampa rais mlango wa kupitia. Katiba ya Kenya, ibara ya 241, inataka idhini ya Bunge la Kitaifa kabla ya jeshi kutumwa kurejesha amani palipo na machafuko. Juni 2024 tangazo la kulituma lilitoka siku ile ile waandamanaji walipoingia bungeni, na wabunge wakaidhinisha kesho yake. Mahakama Kuu haikulizuia, ila iliitaka serikali itangaze mipaka ya kazi hiyo na muda wake. Hilo ndilo sharti ambalo mimi ningelidai kila mahali: kazi gani, eneo gani, mpaka tarehe gani, na chini ya amri ya nani.

Sasa mnaounga mkono, nijibuni hili moja kwa moja. Mwanajeshi akimvunja mkono kijana asiye na hatia usiku wa doria, kijana huyo apeleke malalamiko wapi, na nani asiyevaa sare atasikiliza kesi yake?