Tupeane uzoefu: Ubishi wa mpira ukigeuka ubishi wa corona, mnauendeshaje?

Mdau wa Mwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka mwisho wa reli.

Kijiwe chochote cha mpira hapa Kigoma, iwe Mwanga, Gungu au Ujiji, watu wanaanza na penalti, nusu saa baadaye wako kwenye chanjo, barakoa na nyungu (kujifukiza mvuke). Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba corona si dharura ya dunia tena, ila kwenye mabanda yetu ya kutazamia mpira ubishi haujapoa. Mchezaji akianguka popote duniani, unaanza upya.

Naomba wenye mabanda, makocha na watu wa afya tuweke vitu vya kufanyia kazi: nini cha kusema, nini cha kufanya, wapi mambo yanaharibika. Visa vya "siku moja mimi" tuviwekee uzi mwingine.

Naanza na chanzo. Mara nyingi ni tarehe tu. Euro 2020 ilichezwa 2021. AFCON 2021 ilichezwa Cameroon Januari na Februari 2022. Halafu kuna ule "ubingwa wa corona" wa Simba 2019/20. Ligi yetu ilisimamishwa 17 Machi 2020, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini, ikarudi 13 Juni. Mtu akiugusa ubingwa ule, mjibuni kimpira: msimu ulimaliziwa uwanjani. Uholanzi walifuta msimu wao bila bingwa, Ufaransa waliukata katikati na PSG wakapewa. Jibu hilo linawabakiza watu kwenye mpira. Neno "corona" likiachwa bila jibu, dakika tano nyingi, mko kwenye barakoa.

Mwenye banda, Kibirizi

Ugomvi mbaya hauji mpira ukichezwa, unakuja mapumziko. Dakika 15 watu hawana cha kutazama, simu zinatoka mifukoni, video zinaanza kuzunguka. Kwa hiyo mapumziko yasiachwe matupu. Weka marudio ya mabao au msimamo wa ligi, na spika ipunguze. Spika ikiwa juu watu hupiga kelele ili wasikike, na mtu akishapaza sauti hasira inatangulia hoja.

Ubao wa chaki tunaoandikia ratiba, acheni nafasi chini. Anayedai mchezaji fulani kaanguka kwa chanjo aandike vitu vitatu: nani, lini, mechi gani. Akishindwa, wenzake watamwambia akae. Akiweza, angalieni tarehe. Uingereza ilianza kuchanja wananchi wake 8 Desemba 2020. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon Juni 2003 akafariki. Fabrice Muamba alianguka London Machi 2012. Abdelhak Nouri wa Ajax, Julai 2017. Wote hao kabla hata corona haijasikika. Video ya vipande vya kuunganisha isikupe shida, tazama jezi: mdhamini wa kifuani na mtindo wa mwaka ule vinataja msimu kabla hujasikiliza maneno ya anayesimulia.

Panapoharibika: mwenye banda kuchukua upande. Ukishajulikana wewe ni wa chanjo au wa nyungu, huna tena uwezo wa kutuliza mtu. La pili, kuzima runinga ili wanyamaze. Watu wamelipa kiingilio, ubishi wa corona unageuka ugomvi wa pesa. Na mtu akitaja msiba wake, kwamba mzazi wake aliondoka na ugonjwa ule, futa ubao na ufunge mjadala hapohapo. Mfiwa hadaiwi ushahidi.

Tabibu, Ujiji

Ubao ni mzuri. Niongeze upande wa afya, maana jina litakaloandikwa mara nyingi zaidi ni Christian Eriksen.

Alianguka 12 Juni 2021, Denmark ikicheza na Finland mjini Copenhagen. Moyo wake ulisimama. Klabu yake wakati huo ni Inter, na mkurugenzi wao Giuseppe Marotta alisema wazi kwamba hakuwa amechanjwa wala hakuwahi kuugua corona. Alibonyezwa kifua palepale uwanjani, akapigwa shoti ya mashine ya kushtua moyo, baadaye akawekewa kifaa kifuani. Februari 2022 alirudi kucheza na Brentford. Kisa chake kinafundisha huduma ya kwanza. Kuhusu chanjo hakina cha kusema.

Ila tusikimbilie upande wa pili na kudai chanjo hazina madhara yoyote. Uvimbe wa msuli wa moyo unatambulika kama madhara adimu ya chanjo za Pfizer na Moderna, zaidi kwa vijana wa kiume, siku chache baada ya dozi ya pili, na wengi hupona. Virusi vya corona vyenyewe navyo huleta uvimbe huohuo. Janssen, iliyotangulia kuingia kwetu kwa dozi 1,058,400 Julai 2021, tatizo lake adimu lilikuwa jingine: damu kuganda huku chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikishuka. Anayeuliza kuhusu moyo ajibiwe hivyo, kwa majina ya chanjo. Ukimwambia "acha ujinga", kesho atarudi na video kumi.

Mdau wa Gungu

Na hoja ya fainali ya Kombe la Shirikisho iliyochezwa hapa Kigoma je? Simba na Yanga, 25 Julai 2021, Uwanja wa Lake Tanganyika, bao la Taddeo Lwanga. Uwanja ulijaa, na siku tatu baadaye Rais Samia akazindua chanjo Dar es Salaam. Kila mara anatokea wa kusema "mbona hatukufa?"

Tabibu, Ujiji

Hoja hiyo haijengi upande wowote, na mjibuni hivyo. Dalili za corona hutokea kati ya siku 2 na 14 baada ya kuambukizwa. Waliokuja kwenye fainali waliondoka kwa treni, mabasi na magari ya kukodi. Atakayeugua siku ya tano anaugulia Tabora au Dar, hapa hamtamwona. Vilevile aliyeugua Kigoma wiki ile hawezi kusema kwa hakika kaupata uwanjani, pengine ni nyumbani au sokoni.

Isitoshe, jukwaa la wazi lina upepo. Banda la bati lililozibwa turubai pande zote, watu wamebanana kwa saa mbili na wanashangilia, hewa haitoki. Linalofaa kwa corona, mafua na kifua kikuu kwa pamoja ni kufungua sehemu za juu za kuta mbili zinazotazamana. Ukuta mmoja hautoshi, hewa haina pa kutokea. Turubai la upande wa skrini liache, mwanga usiingie. Jenereta likae nje, mbali na matundu hayo, moshi wake unaua.

Mchambuzi wa Rusimbi

Mimi sikubaliani na kuzima kila mjadala wa corona, maana kuna mambo ya mpira ambayo huwezi kuyaeleza bila hiyo. Sheria ya kubadili wachezaji watano kwenye mechi ilikuja Mei 2020 kwa sababu ya ratiba kubanwa, ikafanywa ya kudumu 2022. Namungo walikwenda Angola Februari 2021, vipimo vikaleta utata, mechi haikuchezwa, CAF wakaamua michezo yote miwili dhidi ya 1º de Agosto ichezwe Dar es Salaam, na Namungo wakapita. Komoro walicheza na Cameroon 24 Januari 2022 beki wa kushoto, Chaker Alhadhur, akiwa golini, kwa sababu makipa wao wawili walikutwa na corona na wa tatu ni majeruhi. Walifungwa 2-1 tu.

Visa hivi vina ukweli na vina utamu wa mpira. Mshika ubao awe navyo vitatu au vinne. Mjadala ukianza kuteleza, atupe kimoja kati.

Kocha wa vijana, Katubuka

Kijana akianguka bila kugongwa na mtu, haitikii na hapumui kawaida, hesabu moyo umesimama. Kutweta kwa vipindi si kupumua. Mmoja aite gari, mwingine aanze palepale. Mlaze chali kwenye ardhi ngumu. Kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, viwiko vimenyooka. Bonyeza kifua kizame sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kiachie kirudi chote kabla ya kubonyeza tena. Aliyefundishwa kupuliza, 30 kwa 2. Asiyefundishwa abonyeze tu bila kusimama. Pokezaneni kila dakika mbili, maana mtu akichoka haoni kwamba kina kimepungua.

Kabla ya msimu muulize kila mchezaji: umewahi kuzimia ukikimbia? Kifua kinauma ukikaza? Kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana? Jibu la ndiyo, aende akapimwe umeme wa moyo kwanza. Foé alikutwa na ugonjwa wa msuli wa moyo kuwa mnene.

Aliyeumwa homa, mkoa huu anza na kipimo cha malaria. Ikiwa ni corona au mafua makali, asirudi mazoezini mpaka dalili ziishe kabisa kwa siku kadhaa. Aanze na dakika 15 za kukimbia taratibu, kesho 30, halafu 45. Kifua kikiuma au moyo ukienda mbio akiwa amekaa, simamisha, apelekwe hospitali.

Mdau wa Gungu

Kocha, na ulimi? Hapa mchezaji akianguka wanakimbilia kumpanua mdomo wauvute.

Kocha wa vijana, Katubuka

Waache hiyo. Ulimi haumezwi, kwa aliyezimia unalegea na kurudi nyuma. Kama hapumui, kifua kwanza. Kama anapumua, laza kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, kisha mgeuze alale ubavu. Vidole mdomoni vitang'atwa, na muda wa kubonyeza unapotea. Namba ya dereva wa gari la karibu iandikwe kwenye kifuniko cha sanduku la huduma ya kwanza, na apigiwe kabla ya kila mechi aseme yuko wapi.