MREJESHO: Nafasi ya kufundisha jiolojia chuo kikuu

Wakuu, niliuliza kama shahada ya kwanza ya jiolojia yenye GPA 3.7 inatosha kuomba u-TA (tutorial assistant, ngazi ya kwanza ya ualimu wa chuo) chuo cha umma hapa Tanzania. Jibu: hapana. Matangazo yanataka 3.8 kati ya 5, na mfumo hauangalii huruma. Uhadhiri msaidizi unadai masta ya 4.0 na, mara nyingi, ile 3.8 ya digrii ya kwanza bado ipo palepale. Kwa hiyo masta haifuti GPA ya digrii ya kwanza. Hapo ndipo wengi tunapojidanganya.

Maombi ni kupitia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi. Barua iwe na sahihi, vyeti vigongwe muhuri wa wakili, transkripti iambatane na cheti chenyewe. Result slip (karatasi za matokeo tu) za kidato cha nne na sita hazikubaliwi. Umesoma nje? Tafuta kwanza utambuzi wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania). Majina yakitofautiana kwenye vyeti, weka deed poll (hati ya kisheria ya jina) mapema.

Kwenye usaili andaa somo fupi la kufundisha. Mada finyu hulipa: mfano, kwa nini kwatzi huonekana ya kijivu kwenye kipande cha mwamba chenye unene wa milimita 0.03 chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, na ikiwa ya njano ujue kipande ni kinene mno. "Historia ya dunia" kwa dakika kumi ni kujitafutia balaa.

Walioshauri nisubiri tangazo la GPA ya chini kwenye vyuo binafsi: navyo vinafuata viwango vya TCU. Ahsanteni.