Naomba ushauri: gololi za zamani, nizitambue na kuzipangaje?

Habari zenu wadau. Nimekabidhiwa mkebe uliojaa gololi za zamani. Nataka kuzipanga kwa aina, ili watoto wapewe zinazofaa kuchezea na nyingine nizihifadhi.

Nyingi ni za kioo angavu, zenye utepe wa rangi ndani kama jicho la paka. Hizo hazinisumbui, ni za mashine. Aina hiyo ilienea kutoka Japani miaka ya 1950. Zipo pia za udongo wa kuchoma, za chuma zilizotoka kwenye beringi, na zile kubwa za kupigia, milimita 19 hivi au zaidi, wakati za kawaida zina kama 16.

Kinachoniumiza kichwa ni chache za kioo zenye mistari iliyojisokota. Zina kovu dogo lenye kukwaruza upande mmoja, inaonekana ndipo zilipokatwa kutoka kwenye fimbo ya kioo. Gololi za namna hiyo zilitengenezwa kwa mkono huko Lauscha, Ujerumani, tangu miaka ya 1840, kabla mashine za Akron, Marekani, hazijashika soko mwanzoni mwa karne ya 20. Je, kovu hilo pekee linatosha kuzitambua, au kuna kingine cha kuangalia? Kuzing'arisha sitaki kabisa, naona ni kuziharibu.

Halafu hizi za chuma: zinapasua za kioo. Mnawaruhusu watoto kuzipigia, au mnawatengea mchezo wao? Na kila aina mnaiitaje? Majina ya utotoni ndiyo ninayoyataka hasa.