Naomba ushauri: mguu mmoja umekuwa mzito, sasa nyonga ya upande wa pili inauma

Habari zenu wakuu. Nilivunjika kifundo cha mguu wa kulia, kwa sasa natembea na buti gumu la matibabu na daktari ameruhusu nikanyage. Mwanzoni nilikuwa nakokota mguu, lakini mwili umezoea wenyewe bila mimi kufikiria. Kumbe ubongo, hasa ubongo mdogo ulio kisogoni, hupima kila hatua na kurekebisha zinazofuata. Mguu mzito huchelewa kupita hewani, kwa hiyo ule mzima unalazimika kukaa chini muda mrefu zaidi ukibeba mwili wote. Tena uzito ukiwa kwenye wayo unachosha kuliko uzito huohuo ukiwa kiunoni, maana kila hatua lazima uurushe mbele halafu uusimamishe.

Shida yangu ni nyonga ya kushoto. Inauma, na mgongo chini unakaza ikifika jioni. Nashuku si uzito peke yake: soli ya buti ni nene, hivyo upande mmoja umeinuka.

Waliopitia hili, mliongeza soli kwenye kiatu cha mguu mzima? Ilisaidia? Na mlipovua buti moja kwa moja, kuchechemea kuliisha kwenyewe au mlihitaji mazoezi ya fiziotherapia? Nauliza kwa sababu nikilivua kidogo tu, mguu unapaa juu kuliko nilivyokusudia.

Tafadhali msiniambie nivumilie, hilo nimeshaambiwa sana.