Koga katika nyumba zetu za mawe Lamu: tupeane uzoefu

Binti wa Mkomani
Jana nilifungua kasha la marehemu bibi yangu nikakuta leso zake zimeingia koga, na harufu ile ikanikumbusha kusi iliyopita, ukuta wa chumba cha ndani ulipokuwa mweusi mpaka kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Aliyepambana na koga atueleze alifanya nini.

Langoni
Kwetu pia, kila masika.

Mama Wawili
Tulipanga chumba cha chini ambacho dirisha lake linatazamana na ukuta wa jirani, na mwenye nyumba alikuwa amekipaka rangi ya mafuta kikang'aa. Haukwisha mwezi rangi ikafanya malengelenge, ikabanduka, na nyuma yake koga imetanda kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu. Nililisogeza kabati nikaifunika, nami najuta mpaka leo, kwa kuwa mwanangu mwenye pumu alilala kando ya kabati hilo. Usiku mmoja wa mvua za Mei nilisikia kifua chake kikipiga miluzi, na dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Baba yake alimbeba mgongoni vichochoroni, maji yakitufika vifundoni, maana huku hakuna gari linaloweza kumfuata mgonjwa mlangoni. Alipopata nafuu, daktari alituuliza kwanza mtoto analala wapi.

Langoni
Pole sana, mama. Anaendeleaje sasa?

Mama Wawili
Alhamdulillahi. Tulihamia orofani, penye upepo.

Fundi wa Chokaa
Pole, dada yangu. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na chumvi ya bahari, nayo chumvi huvuta unyevu. Ukilifunika kwa saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Wazee walitumia lipu ya chokaa kwa sababu inapitisha mvuke. Bandueni saruji.

Mkazi wa Shela
Sikubaliani nawe, fundi. Nyumba yangu ina lipu ya saruji, na koga iliisha siku nilipoziba paa lililokuwa likivuja.

Fundi wa Chokaa
Nyumba yako ni ya matofali ya saruji, ndugu yangu, na hapa tunazungumzia matumbawe. Kuhusu paa umesema kweli: maji yanakotoka pasipozibwa, koga itarudi hata ukiisugua kila Ijumaa.

Mkazi wa Shela
Basi ungeanza na paa, kabla ya kuwaambia watu wabomoe kuta.

Mwalimu Mstaafu
Mimi hutumia siki. Mke wangu hutumia klorini, nayo hufaa kwenye vigae, lakini kwenye lipu hung'arisha juu tu na koga iliyozama hubaki. Nawasihi msichanganye klorini na siki wala amonia, kwani hutoa hewa yenye sumu. Funikeni pua na mdomo, na mwenye pumu asisugue wala asikae karibu.

Langoni
Na nguo za kasha je?

Mama Wawili
Zikung'utiwe nje, zifuliwe, zianikwe juani hadi zikauke kabisa, na kasha liachwe wazi mbali na ukuta.

Binti wa Mkomani
Nimezianika tangu asubuhi. Harufu imepungua, ila ile leso aliyojifunga siku ya harusi ya mama imenichanikia mkononi.