Fundi kaupiga msasa wa mashine ufito wa mwanzi wa marehemu mjomba. Kama kazi huijui, kwa nini usiseme?

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Nimelala nazo, nimeamka nazo.

Jana jioni nimeuchukua kwa fundi ufito wa kuvulia kwa nzi bandia, ule wa mwanzi, aliouvulia mjomba hadi mikono yake ilipokataa. Niliupeleka ukiwa mgonjwa, nimerudishiwa maiti iliyopakwa mafuta. Unang'aa kweli. Unang'aa kuliko ulivyowahi kung'aa siku zote ninazoukumbuka, na kila nikiutazama natamani kulia.

Kwa ambao hawajawahi kuushika ufito wa aina hii, naomba mnivumilie kidogo, maana bila kuelewa ulivyoundwa hamtaelewa nilichofanyiwa. Huu si mwanzi uliokatwa porini ukafungwa mshipi. Mwanzi hupasuliwa, ukachongwa vipapi virefu vya pembetatu, kila kona digrii 60, kisha vipapi sita vikagundishwa vikawa ufito mmoja wa pande sita, mnene kwenye shina na mwembamba kama njiti ya kiberiti kwenye ncha. Mafundo ya mwanzi hupishanishwa makusudi yasiangukie mahali pamoja. Mchongaji hupitisha randa kwenye kalibu ya chuma, na akikosea kwa unene wa unywele hukitupa kipapi na kuanza kingine. Katika kuchonga kote huko, upande mmoja hagusi: upande wa nje, wa ganda. Pale hukwangua tu ule utando mgumu wa juu, akaacha. Sababu ni kwamba nyuzinyuzi zenye nguvu zimesongamana hapo nje, chini tu ya ganda. Ukienda ndani zinapungua, mwanzi unakuwa kama sponji. Ufito mzima unaishi kwenye ngozi yake.

Sasa huyu bwana ameichuna ngozi.

Nianze na hali niliyompelekea. Ufito wa futi 9, vipande vitatu, na ncha ya akiba iliyobaki nyumbani. Vanishi ilikuwa imepasuka vipande vidogo vidogo kama tope la bwawa lililokauka. Kipete kimoja cha kupitishia mshipi kilikuwa kimeng'oka. Kiungio kati ya kipande cha kati na ncha kilikuwa kinacheza. Na kwenye kipande hicho cha kati, vipapi viwili vilikuwa vimeachana kwa urefu wa kidole. Ukigonga kwa ukucha unasikia mlio mkavu, tofauti na kwingine. Ncha ilikuwa na mpindo kidogo wa miaka mingi ya kupigana na samaki. Basi. Yote hayo yanatibika, na yanatibika kwa mikono, kwa subira, bila mashine hata moja.

Nilimwambia, tena kwa maneno yanayoeleweka: vanishi iondolewe taratibu kwa kukwangua, gundi mpya iingie pale palipoachana tu, kiungio kikazwe, uzi wa hariri urudishwe wa rangi ile ile, maandishi ya wino yaliyo juu ya mpini yasiguswe. Akajibu, "Kaka, hizi ndizo kazi zangu, wewe nenda kapumzike." Nikaenda. Hapo ndipo kosa langu lilipo na nalikubali.

Maandishi hayo hayapo tena. Yalikuwa mstari mmoja wa wino mweusi, mwandiko wa aliyeuunda: urefu, na herufi HCH. Mtu asiyejua ataona ni herufi tu. Zamani mishipi ya hariri ilipimwa kwa unene na kupewa herufi. H ni inchi 0.025, C ni inchi 0.050. HCH maana yake mshipi mwembamba pande zote mbili, mnene katikati. Mwaka 1961 ndipo watengenezaji wa Marekani walipohamia kwenye namba zinazofuata uzito wa futi 30 za mwanzo. Kwa hiyo mstari ule peke yake ulikuwa unakuambia ufito uliundwa kwa ajili ya mshipi upi na kwamba ni wa kabla ya mfumo mpya kuzoeleka. Mwandiko wa mtu aliyeuchonga kwa mkono wake! Umefutwa kwa msasa wa mashine kwa sekunde mbili tatu, halafu pamepakwa vanishi juu kana kwamba hapakuwahi kuwa na kitu.

Nimepima. Sisemi kwa kubahatisha. Kabla ya kuupeleka nilipima unene kwa kipimo cha vernia na kuandika daftarini, upande hadi upande, kila baada ya inchi 5. Mahali palipokuwa milimita 4.0 sasa ni 3.6. Mtu atasema nusu milimita haijafika, unapiga kelele za nini. Ukakamavu wa ufito usio na uwazi ndani haupungui sawasawa na unene. Unafuata unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Chukua 0.9, uzidishe hivyo, unapata kama 0.66. Theluthi moja ya ukakamavu imeondoka, na hapo sijahesabu kwamba kilichoondoka ndicho kile cha nje chenye nguvu kuliko chote. Karibu na ncha, palipokuwa 1.9 pamebaki 1.6. Hapo nusu imekwenda. Pia hakusaga pande zote kwa usawa. Kona za pande sita zimelala, upande mmoja umeliwa kuliko wenzake. Nimeuunganisha nikautikisa, na badala ya kurudi sawa unazunguka kama mkia wa ng'ombe.

Tuje kwenye kiungio, maana hapa nilipandwa na presha kabisa. Viungio vya fito hizi ni vya mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, dume na jike, vinavyokaa kwa kubanana vyenyewe bila skrubu wala gundi kati yao. Kiungio kizima ukikichomoa kinatoa mlio mdogo wa hewa, "po". Mjomba alinifundisha kuusikiliza huo mlio nikiwa mtoto. Mara nyingi ndani ya kiungio cha zamani kuna kipini kimoja chembamba sana kilichopenya chuma na mwanzi, kimesuguliwa hadi hakionekani. Unakitafuta kwa lenzi, unakisukuma nje, unapasha chuma joto la taa ya spiriti, kisha unavuta moja kwa moja. Unavuta. Husokoti, kamwe, kwa sababu ukisokota unararua vipapi kwa urefu. Yeye hakukitafuta kipini. Alishika koleo akasokota. Alama za meno ya koleo ziko pale kwenye chuma, zinahesabika, ni saba. Mwanzi chini yake umepasuka ufa unaofika karibu na kipete cha kwanza. Alipoona ufa akamwaga epoksi.

Epoksi, wakuu! Ufito wa umri huu uligundishwa kwa gundi ya ngozi ya wanyama, gundi inayolegea kwa joto na maji. Kwa hiyo mtu mwenye akili anaweza kuufungua, akasafisha, akaugundisha tena, na fundi wa miaka 50 ijayo akafanya vivyo hivyo. Epoksi ikishaingia katikati ya vipapi, mlango umefungwa. Na kwa kuwa alinyoosha ule mpindo kwa bomba la hewa ya moto badala ya joto dogo la kusogeza na kuondoa, gundi ya zamani ikalegea kwingine, vipapi vikaachana sehemu mbili ambazo zilikuwa nzima. Akamwaga epoksi na huko. Kuna sehemu mwanzi umebadilika rangi, kahawia iliyoungua. Nikiinusa bado nasikia harufu ya moshi.

Uzi wa hariri sitausema sana. Ulikuwa wa kijani kilichofifia, na kila baada ya inchi chache kulikuwa na mizunguko midogo ya kuubana ufito, maana waundaji wa zamani hawakuiamini gundi peke yake. Mizunguko yote imekatwa. Vipete vimefungwa kwa nailoni nene ya cherehani. Juu yake vanishi ya kupuliza, tabaka juu ya tabaka, hadi machozi yamegandia kwenye vipete. Alipuliza hadi ndani ya jike la kiungio, kisha dume halikuingia, akalipiga msasa ili liingie. Sasa linaingia. Linaingia na kutoka kama mguu kwenye kiatu cha mtu mwingine, na mlio haupo.

Nilipomuuliza, jibu lake lilikuwa, "Lakini kaka, si unaona umekuwa mpya?"

Sikutaka mpya. Ningetaka mpya ningenunua mpya. Na kuna rafiki yangu ambaye namheshimu ameniambia mwanzi wenyewe bado upo, tafuta mwanzi mwingine uchonge. Ni kweli upo. Mwanzi unaopendwa kwa kazi hii hutoka eneo dogo la jimbo la Guangdong, China, na mtaalamu wa mimea McClure aliupa jina la kisayansi lenye maana ya "wa kupendeka" mwaka 1931. Marekani ilipozuia bidhaa za China mwishoni mwa 1950, warsha nyingi za huko zilibaki na akiba tu, wengine wakahamia fito za nyuzi za kioo, na ufundi wa mwanzi ukabaki mikononi mwa watu wachache sana. Kizuizi kilikuja kuondolewa, mwanzi unauzwa tena. Lakini mimi sikuupoteza mwanzi kwa ujumla wake. Nimepoteza vipapi hivi, vilivyochongwa na mkono ule, vilivyopinda upande ule kwa sababu mjomba alikuwa anarusha kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo, ule mpindo. Nao kaunyoosha. Nilimwomba apunguze tu.

Nilichonusuru ni ncha ya akiba, ambayo sikuipeleka kwa kuwa ilikuwa nzima. Usiku nimeziweka mbili hizo sambamba chini ya taa. Ya nyumbani ina rangi ya asali iliyoiva, na kwenye kila fundo unaona alama ndogo ya tupa ya yule aliyeuunda, pale aliposawazisha bila kuingia kwenye nyuzinyuzi. Ile iliyotoka kwa fundi imepauka kama kijiti cha mshikaki. Mafundo yamesagwa hadi hayaonekani.

Kwa hiyo wenye uzoefu naomba msaada wa kweli, si pole. Shina bado lina unene wa kutosha, amelisaga kidogo kuliko vingine. Ncha ya akiba ni nzima. Je, kipande cha kati kikichongwa upya kwa vipimo vya daftari langu, kitaoana na shina lililopungua, au inabidi vipimo vyake vishushwe kidogo vifuate shina? Nani amewahi kufanya hivyo na ufito ukarusha vizuri? Dume la hiyo ncha ya akiba ni namba 12, yaani sehemu 12 kati ya 64 za inchi, na jike la zamani limeshaharibiwa, kwa hiyo anayejua kuchonga jike la kulingana na dume la zamani aniambie pia.

Kuna jambo la mwisho. Kipete cha kwanza juu ya mpini, pale mshipi unapopita kwa nguvu kuliko kwingine kote, kilikuwa na duara la jiwe la akiki. Waundaji wa zamani waliliweka hapo kwa sababu mshipi ulikuwa unakula chuma. Lilikuwa jekundu lenye mstari mweupe mmoja, zima, bila ufa, na ukiliinua juani mwanga unapita. Ufito umerudi na kipete cha chuma cha kawaida. Nilimuuliza liko wapi, akasema atatafuta, labda liko kwenye takataka za warsha.

Hela zake nilishamlipa zote, sijadai hata senti. Kesho asubuhi kabla hajafungua nitakuwa mlangoni, na hizo takataka nitazichambua mwenyewe kwa mikono yangu hadi nilipate jiwe langu.