Karafuu kwa maumivu ya jino: inatibu au inatuliza tu?

Muulizaji: Assalamu alaykum, ndugu zangu. Jino langu la nyuma linaniuma kwa siku ya tatu sasa, na bibi amenishauri niing'ate taratibu punje ya karafuu. Maumivu hupungua, kisha hurudi usiku. Je, niendelee?

Mpemba wa Wete: Waalaykum salaam. Bibi yako hakukosea. Karafuu ina mafuta yenye kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hutia ganzi neva za jino na kudhoofisha bakteria. Hata madaktari wa meno huichanganya na oksidi ya zinki ili kupata kijazio cha muda. Huku kwetu Pemba mafuta hayo hukenekwa kutokana na makonyo, yaani vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, nayo ni makali mno kuliko punje uliyo nayo jikoni.

Muuguzi mstaafu: Kwa sababu ya ukali huo, mafuta yasipakwe kwenye ufizi bila kuzimuliwa kwa mafuta ya kupikia, kwani huunguza. Mtoto mdogo asipewe kabisa, maana akiyameza, hata kijiko kimoja tu, ini lake linaweza kuharibika. Tena ganzi haizibi tundu: shavu likivimba au homa ikipanda, nenda kwa daktari wa meno siku hiyo hiyo.

Muulizaji: Nashukuruni. Shavu limevimba tangu jana, jambo ambalo sikulitaja kwa kuwa naogopa koleo. Nakwenda leo alasiri.